Kutangulia si Kufika: Hesabu ya Mchezaji wa Kwanza

Wahenga walinena kuwa kutangulia si kufika. Katika mambo mengi ya maisha, anayelazimika kuamua kwanza huamua akiwa na habari chache kuliko anayeamua mwisho. Mkulima apandaye siku ya mvua ya kwanza hajui kama mvua itaendelea. Jirani yake aliyengoja wiki mbili anajua zaidi, ingawa huenda amekwisha kuchelewa. Je, hasara ya kutangulia inaweza kupimwa kwa tarakimu? Inaweza, na mahali pamoja ambapo kipimo hicho huonekana waziwazi ni katika mchezo wa karata uitwao poka, uliokulia Marekani na ambao sasa huchezwa kwa mashindano katika nchi nyingi.

Katika makala haya nakusudia kuchambua swali moja dogo la mchezo huo: mchezaji anayetangulia kuamua afungue mchezo kwa karata chache zilizo bora kabisa, au apanue uchaguzi wake? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba abane. Siku hizi wako wengi wasemao kwamba apanue. Nia yangu si kumfundisha mtu kucheza poka. Nia yangu ni kutetea rai moja inayowahusu walimu na wanafunzi wa sekondari, nayo ni hii: kanuni iliyotenganishwa na sababu zake haina manufaa ya kudumu, kwa kuwa siku masharti yake yatakapobadilika, aliyeikariri hatajua kwamba imekwisha kufa.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Aina ya poka inayochezwa zaidi katika mashindano huitwa Texas Hold'em. Tuchukue meza yenye watu tisa. Kila mmoja hupewa karata mbili ambazo yeye peke yake huziona. Baadaye karata tano hufunuliwa katikati ya meza, nazo ni za wote. Anayeweza kuunda mkusanyo bora wa karata tano kutokana na hizo saba ndiye mshindi, isipokuwa kama wenzake wote wamekwisha kujitoa kabla ya hapo.

Ili pawe na kitu cha kugombewa, wachezaji wawili walioketi kushotoni kwa mgawaji hulazimika kuweka dau kabla ya kuona karata: wa kwanza nusu kipimo, wa pili kipimo kimoja. Uamuzi huanza kwa mtu anayewafuata hao wawili. Huyo ndiye mchezaji wetu wa kwanza. Anaweza kutupa karata zake bila kupoteza kitu, anaweza kulifuata dau lililopo, au anaweza kufungua mchezo kwa kuongeza dau, tuseme hadi vipimo viwili na nusu. Nyuma yake wamebaki watu wanane ambao hawajasema neno. Mgawaji, kwa upande wake, anapofikiwa na zamu hubakiwa na watu wawili tu nyuma yake, na katika duru zote zinazofuata yeye ndiye huamua wa mwisho.

Katika mashindano kila mshiriki hulipa kiingilio na kupewa kete zilizo sawa kwa idadi na zile za wenzake. Anayeishiwa kete ametoka. Tuzo hupewa wale waliodumu hadi mwisho, na madau ya lazima hupandishwa kila baada ya muda maalumu ili mashindano yasiendelee bila kikomo.

Idadi ya karata mbili tofauti ambazo mtu anaweza kupewa ni 52 mara 51, kugawanya kwa 2, yaani 1,326. Ree mbili hupatikana kwa njia 6, kwa hiyo uwezekano wake ni 6 katika 1,326, ambao ni sawa na 1 katika 221. Karata mbili tofauti zenye alama moja, mathalani ree na mfalme wa kopa, au wa shupaza, uru ama pau, hupatikana kwa njia 4. Zikiwa za alama mbalimbali, hupatikana kwa njia 12. Kwa hesabu hizi tatu tu, yaani 6, 4 na 12, mwanafunzi wa sekondari anaweza kupima ukubwa wa orodha yoyote ya karata.

Sababu ya kanuni ya zamani

Mwaka 1976 Mmarekani David Sklansky alichapisha kitabu kilichozipanga karata za kuanzia kwa makundi ya ubora. Mafunzo ya namna hiyo yalimhimiza mchezaji wa kwanza awe mchaguzi sana. Ushauri huo ulikuwa na msingi, na msingi wenyewe ni hesabu.

Tuseme kwamba kila mtu aliyebaki nyuma ana uwezekano wa asilimia 5 wa kuwa na karata bora sana. Uwezekano kwamba mtu mmoja hana ni 0.95. Uwezekano kwamba wote wanane hawana ni 0.95 kwa kipeo cha 8, yaani karibu 0.66. Maana yake ni kwamba mchezaji wa kwanza hukutana na mtu mwenye karata bora sana mara 34 katika kila 100. Kwa mgawaji, ambaye nyuma yake wapo wawili, hesabu ni 1 kutoa 0.95 kwa kipeo cha 2, na jibu ni chini kidogo ya asilimia 10. (Tumechukulia kwamba karata za mtu mmoja haziathiri za mwingine. Hilo si kweli kabisa, lakini tofauti inayotokea hapa ni ndogo.)

Kwa hiyo karata zile zile mbili zina thamani moja mkononi mwa mgawaji na thamani nyingine mkononi mwa mchezaji wa kwanza. Karata hazikubadilika. Kilichobadilika ni idadi ya watu ambao bado hawajasema. Ikiwa meza ina watu sita badala ya tisa, mchezaji wa kwanza ana watu watano tu nyuma yake, na uwezekano wa asilimia 34 hushuka hadi karibu asilimia 23. Aliyekariri kwamba wa kwanza hubana, bila kujua kwamba neno wa kwanza lina maana ya wangapi wamebaki, atabana hata pale ambapo sababu ya kubana imepungua.

Kilichobadilika

Zaidi ya yale madau mawili ya lazima, mashindano ya poka huwa pia na dau la meza. Kwa muda mrefu dau hilo lilitozwa kwa kila mchezaji kiasi kidogo kidogo, na mara nyingi katika hatua za baadaye tu. Mwaka 2018 mashindano maarufu ya World Series of Poker, ambayo yalianza Las Vegas mwaka 1970, yalianza kutumia katika baadhi ya michezo yake utaratibu mwingine: mtu mmoja, yule mwenye dau kubwa la lazima, hulipa dau la meza kwa niaba ya wote. Kwa kawaida kiasi chake ni kipimo kimoja kizima.

Badiliko hili laonekana dogo, lakini tulitazame kwa hesabu. Pasipo dau la meza, kitita kinachogombewa mwanzoni ni vipimo 1.5. Mtu akifungua kwa vipimo 2.5, anahatarisha 2.5 ili apate 1.5. Kama angetegemea kujitoa kwa wenzake peke yake, ingembidi wajitoe wote kwa sehemu ya 2.5 kugawanya kwa 4, yaani asilimia 62.5, ili asipate hasara wala faida. Dau la meza likiwapo, kitita ni vipimo 2.5. Sasa anahatarisha 2.5 ili apate 2.5, na asilimia inayohitajika imeshuka hadi 50.

Tugeuze hesabu tuitazame kwa upande wa wale wanane. Ili wote wajitoe kwa asilimia 62.5, kila mmoja anapaswa kujitoa kwa kipeuo cha 8 cha 0.625, ambacho ni 0.943. Maana yake ni kwamba kila mmoja asisimame imara kwa zaidi ya asilimia 5.7 ya karata zake. Kwa asilimia 50, kipeuo cha 8 cha 0.5 ni 0.917, na kiwango hicho hupanda hadi asilimia 8.3. Nafasi ya kupumua ya mchezaji wa kwanza imeongezeka kwa karibu nusu ya ilivyokuwa, ingawa hakuna karata hata moja iliyobadilika.

Aidha, kungoja kumekuwa ghali. Mzunguko mmoja wa meza humgharimu mtu vipimo 1.5 pasipo dau la meza, na vipimo 2.5 likiwapo. Mwenye kete za vipimo 25 angeweza kukaa kimya mizunguko zaidi ya 16 katika hali ya kwanza, lakini 10 tu katika hali ya pili, hata kabla ya madau kupandishwa.

Ni dhahiri kwamba hesabu hii ni ya kurahisisha. Kwa kweli mwenye dau kubwa la lazima hajitoi upesi, kwa sababu amekwisha kuweka kipimo kimoja na anatakiwa kuongeza 1.5 tu. Kwa upande mwingine, aliyefungua hapotezi kila kitu anapojibiwa, kwani bado ana karata zake na huenda akashinda. Mambo hayo mawili huvutana, na ndiyo sababu jibu kamili hutafutwa kwa kompyuta. Hata hivyo mwelekeo wa jibu unaonekana katika hesabu ya kalamu na karatasi: kitita kikikua, orodha ya karata za kufungulia hupanuka.

Kupanuka kunakuwaje? Tuchukue mfano wa orodha finyu: karata pacha kuanzia 7 hadi ree (njia 48), ree pamoja na mfalme au malkia (njia 32), na mikusanyo sita yenye alama moja, yaani ree na ghulamu, ree na 10, mfalme na malkia, mfalme na ghulamu, malkia na ghulamu, ghulamu na 10 (njia 24). Jumla ni 104, sawa na asilimia 7.8 ya zote 1,326. Sasa tuongeze pacha za 6 na za 5 (njia 12). Ree pamoja na karata ndogo yenye alama moja nayo, kuanzia 9 hadi 2 (njia 32). Mfalme na 10, malkia na 10, 10 na 9 zenye alama moja (njia 12). Ree na ghulamu, mfalme na malkia za alama mbalimbali (njia 24). Jumla mpya ni 184, sawa na asilimia 13.9.

Msomaji makini atauliza kwa nini ree iliyo pamoja na karata ndogo imeingizwa kabla ya karata nyingine zinazoonekana kuwa kubwa. Jibu lake lafaa kuandikwa ubaoni. Ukishika ree moja, ree zilizobaki ni tatu. Njia za mwenzako kuwa na ree mbili zimepungua kutoka 6 hadi 3, na njia za kuwa na ree na mfalme zimepungua kutoka 16 hadi 12. Karata uliyo nayo imekupa habari juu ya karata usizoziona. Huo ndio uwezekano wenye sharti, mada inayowatatiza wanafunzi wengi, nao hapa umeonekana kwa hesabu ya vidole.

Sharti linalovuta upande wa pili

Kama makala haya yangeishia hapo, ningekuwa nimeiondoa kanuni moja na kuweka nyingine ya kukaririwa. Lakini kete za mashindano si fedha, na tofauti hiyo ina hesabu yake. Mwaka 1973 mwanatakwimu David Harville alichapisha njia ya kukadiria uwezekano wa washindani wengi kumaliza katika nafasi mbalimbali, na mwaka 1987 Mason Malmuth alieleza njia ya namna hiyo kwa mashindano ya poka.

Tuseme wamebaki watu watatu wenye kete sawa, na tuzo ni shilingi 500,000, 300,000 na 200,000. Kwa kuwa wako sawa, haki ya kila mmoja ni theluthi ya 1,000,000, yaani takriban shilingi 333,333. Wawili wakiweka kete zao zote, atakayeshinda atakuwa na theluthi mbili za kete. Amekwisha kuhakikishiwa 300,000, na ana uwezekano wa theluthi mbili wa kuongeza 200,000. Haki yake sasa ni takriban 433,333. Atakayeshindwa huondoka na 200,000. Basi faida ya kushinda ni 100,000, lakini hasara ya kushindwa ni 133,333. Kwa kete, pambano hilo ni la nusu kwa nusu. Kwa shilingi, mtu anahitaji kushinda zaidi ya mara 57 katika 100 ndipo asipate hasara. Na yule wa tatu, aliyetulia bila kugusa karata, haki yake imepanda hadi takriban 366,667.

Kwa hiyo mashindano yanapokaribia tuzo, sharti hili humtaka mchezaji wa kwanza abane tena, hasa kama nyuma yake wapo watu wenye kete nyingi kuliko zake. Dau la meza husema panua. Tuzo husema bana. Idadi ya watu waliobaki nyuma huamua kwa kiasi gani. Hakuna neno moja linaloweza kuchukua mahali pa masharti haya matatu.

Kompyuta nayo haituondolei kazi ya kufikiri. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba wamelipatia ufumbuzi tawi moja la mchezo huu, lile la watu wawili wenye madau yenye mipaka. Mwaka 2019 programu iitwayo Pluribus iliwashinda wachezaji hodari katika meza ya watu sita. Leo ziko programu zinazochapa orodha za karata kwa kila nafasi ya meza. Lakini kila orodha ni jibu la swali aliloliuliza mtu: watu wangapi, kete ngapi, dau la meza kiasi gani, tuzo zipi. Ukibadilisha tarakimu moja ya swali, jibu hubadilika. Anayekariri orodha ya kompyuta bila kulijua swali lake hana tofauti na yule aliyekariri ushauri wa mwaka 1976.

Rai yangu kwa walimu

Wako watakaosema kwamba kamari haina mahali darasani. Nakubaliana nao kwamba kucheza kamari hakuna mahali darasani. Sheria za Tanzania zinamkataza mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na sheria hiyo ni ya haki. Lakini hesabu za bahati ni jambo jingine. Nadharia ya uwezekano yenyewe ilikua kutokana na barua ambazo Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana mwaka 1654 juu ya kugawana kitita cha mchezo uliokatizwa. John von Neumann, aliyeweka msingi wa nadharia ya michezo mwaka 1928, aliichambua poka katika kitabu alichokiandika pamoja na Oskar Morgenstern mwaka 1944, kitabu kilichoathiri sana elimu ya uchumi. Kuificha asili hiyo hakumlindi kijana yeyote.

Zaidi ya hayo, vijana wetu wamekwisha kuzungukwa na matangazo ya kubashiri matokeo ya mpira kwa simu. Wanaambiwa juu ya washindi, hawaonyeshwi hesabu. Hesabu yenyewe ni fupi. Watu 100 wakilipa shilingi 11,000 kila mmoja, na 1,000 katika hizo ikabaki kwa mwandalizi, wameweka 1,100,000 na watagawana 1,000,000. Wawe werevu namna gani, wote kwa jumla wamepoteza 100,000 kabla karata ya kwanza haijagawiwa. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii kwa mkono wake ana kinga ambayo hotuba peke yake haiwezi kumpa.

Wala karata si lazima. Mwalimu achukue mfuko, atie maharage 19 meupe na 1 jekundu. Mwanafunzi achote moja, aangalie rangi, alirudishe, na kuchota tena hadi mara 8. Kila kundi lifanye hivyo mara 20 na kuandika ni mara ngapi jekundu lilionekana angalau mara moja. Darasa zima likijumlisha, jibu litakaribia theluthi moja: ndiyo ile asilimia 34 ya mchezaji wa kwanza. Kisha warudie kwa kuchota mara 2 tu, nao wataiona asilimia 10 ya mgawaji. Baada ya hapo waulizwe: idadi ya wachotaji ikibadilika, nini hubadilika? Maharage mekundu yakiwa mawili, je? Maswali hayo mawili yana manufaa kuliko kurasa nyingi za mazoezi yanayorudia kanuni ile ile.

Ninayoyaona katika wanafunzi wanaoingia chuo kikuu ni kwamba wengi wanazijua kanuni nyingi, lakini ni wachache wanaoweza kutaja masharti ya kanuni wanayoitumia. Wanajua ushauri wa kupanda mapema, lakini hawaulizi ni kwa mbegu inayokomaa kwa siku ngapi. Wanajua fomula ya wastani, lakini hawaulizi kama wastani ndio unaotakiwa. Taifa linaloendelea litakutana na masharti yanayobadilika kila mwaka, katika hali ya hewa, katika bei na katika mitambo. Tukiwapa vijana majibu ya jana bila maswali yaliyoyazaa, tumewatanguliza katika safari bila kuwaonyesha njia.

Napendekeza basi jambo moja lisilohitaji fedha wala vifaa. Kila mwalimu anapomaliza kufundisha kanuni, katika somo lolote la sayansi, awaulize wanafunzi wake: ni sharti lipi likibadilika kanuni hii haitafaa tena? Na mtihani wa muhula uwe na swali moja la namna hiyo. Mwanafunzi awezaye kulijibu ameielewa kanuni. Asiyeweza ameikariri tu, hata kama amepata alama zote.